Miwani Namba Sita

Inspekta Jovita Margwe alifika Kituo cha Tulizo, Maisaka, mjini Babati, saa tatu asubuhi akiwa na swali moja tu kichwani: nani alimwambia Aminiel mahali mtoto anaposoma? Mengine yote yangesubiri. Hili lisingesubiri, kwa sababu Aminiel alikwisha kutamka mbele ya mashahidi, palepale kwenye uzio wa shule, kwamba mtoto ni wake na safari ijayo hatamwomba mtu ruhusa.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Rosalia, mke wa Aminiel dalali wa madini, alimkimbia mumewe mwezi wa pili baada ya kuvunjwa mkono wa kulia. Akajificha Singe na binti yake Hope, mwenye miaka minane, akamwandikisha mtoto shule mpya kwa jina la ukoo wa mama. Aliyejua ni mwalimu mkuu peke yake, na mwalimu mkuu yule hata ukimuuliza saa, anakuuliza kwanza unaitakia nini. Jumanne Aminiel akasimama kwenye uzio wa shule hiyohiyo, pakiti ya biskuti mkononi, anamwita Hope kwa jina. Jumatano Inspekta akawahamisha mama na mtoto, akawaficha Bonga, kwenye nyumba iliyo nyuma ya mashine ya kusaga. Leo ilikuwa Ijumaa.

Rosalia aliapa kwamba habari ya shule aliitoa mahali pamoja tu. "Kwenye miwani, afande. Ndani ya Ukumbi. Na mle hatujuani. Mimi naitwa Korongo. Kuna Njiwa, kuna Tausi, kuna Kwale, yule binti wa miaka kumi na tisa anayetia huruma. Sura zao sizijui, na wao yangu hawaijui."

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Kituo cha Tulizo kilikuwa nyumba ya kawaida, bati jekundu, mahindi pembeni, kuku wakijichimbia vumbi. Wanawake waliopigwa na waume zao walikuja pale mmoja mmoja, kwa kupishana, kila mtu akaingia chumba chake na kuvaa miwani minene inayofunika nusu ya uso. Akishaivaa tu, anajikuta amekaa na wenzake kwenye ukumbi mkubwa uliotandikwa mikeka, ukumbi usiokuwepo popote duniani. Mle kila mtu ana umbo la kuchorwa, sauti iliyobadilishwa na jina la ndege. Babati ni mji mdogo, ukipiga chafya Maisaka mtu wa Singe anakuuliza umekunywa dawa gani. Kwa hiyo wazo lenyewe lilikuwa zuri, na Jovita hakuwa na ugomvi nalo. Ugomvi wake ulikuwa na neno "haiwezekani," ambalo alikwisha kuambiwa mara nne kwa simu.

Mkuu wa kituo, Mama Kornelia, alimpokea mwenyewe getini. Alikuwa na miaka hamsini na nane, kitenge kimepigwa pasi, uso wa mtu aliyezoea kuombwa radhi.

"Karibu mwanangu. Tuanze na chai."

"Shikamoo mama. Chai nitakunywa nikimaliza."

"Marahaba. Haya, uliza."

"Nani anaingia Ukumbini?"

"Wanawake wenyewe tu. Hilo ndilo sharti la kwanza. Kiongozi yeyote wa Tulizo haruhusiwi kuingia, hata mimi. Nililiandika kwa mkono wangu."

"Kiongozi akilivunja, anashitakiwa kwa nani?"

"Kwangu."

"Na ukilivunja wewe?"

Mama Kornelia akacheka kidogo. "Inspekta, tumwogope Mungu."

Jovita akaandika jibu hilo kama lilivyo, akalipigia mstari chini.

Fundi wa mitambo aliitwa Nickson, kijana mrefu mwenye fulana ya mpira, na alikuwa anatoka jasho asubuhi ambayo Babati nzima imevaa masweta. Jovita hakuketi. Alisimama nyuma ya kiti chake, mahali ambapo mtu hapendi kusimamiwa na polisi.

"Mashine hii inatunza nini?"

"Haitunzi kitu, afande."

"Nickson. Mdogo wangu wa mwisho ananidanganya vizuri kuliko hivyo."

Kijana akaondoa mikono kwenye mashine. "Sauti haitunzi. Kweli tena. Inatunza mienendo. Kichwa kinageukia wapi, mikono inakwenda wapi, mtu ana urefu gani, macho yametazama nini na kwa muda gani. Usiku inakwenda kwa kampuni, huko nje."

"Nani amewapa ruhusa?"

"Wanakubali wenyewe siku ya kwanza. Kuna kurasa thelathini na moja, mwisho unabonyeza."

"Za lugha gani?"

"Kiingereza." Akajikuna shingo. "Mama alisema tusiwachanganye."

"Nionyeshe Jumatatu."

Nickson akasita, akaandika nywila yake, akasubiri namba ije kwenye simu, akaiandika nayo. Kwenye kioo yakatokea maumbo sita ya vijiti, hayana uso wala nguo, yameketi duara. Moja lilipotaka kuinua mikono, wa kushoto ukapanda juu hadi mwisho, wa kulia ukaishia begani, ukatetemeka, ukashuka. Hakuna aliyemwambia lile ni umbo la nani, na hakuhitaji kuambiwa. Aliyeuvunja mkono ule naye angelitambua kwa kutupa jicho mara moja.

"Umemwonyesha nani hizi?"

"Hakuna, afande."

"Hakuna tena!"

"Angalia mwenyewe, usiniamini." Nickson alikuwa karibu kulia. "Kila faili likifunguliwa linajiandika. Hili limefunguliwa mara moja tu, leo, saa tatu na dakika ishirini na mbili. Ni sisi hapa. Na namba ya kampuni lazima ipitie simu hii. Tafuta ujumbe mwingine kama huu, ukiupata nifunge."

Jovita akaichukua simu, akapekua ujumbe wote tangu mtambo ufungwe. Ulikuwa mmoja. Akamtoa Nickson kwenye orodha yake, ila kwa shingo upande, maana kijana mwenye jasho namna ile angefaa sana.

Alitoka nje kupata hewa. Getini mzee wa ulinzi, Baba Dominiko, mtu wa Dareda aliyekuwa mkulima kabla miguu haijamkataa, akainuka kwenye kigoda chake na kumzuia kwa adabu.

"Mwanangu, samahani. Mama alikupitisha, hukusaini."

"Shikamoo baba. Nisaini wapi?"

"Marahaba. Hapa. Jina kamili, unakotoka, simu, unamwona nani, saa uliyoingia."

Lilikuwa daftari la wageni, kubwa, jalada gumu, limefungwa kalamu kwa uzi. Jovita akaandika jina lake bila kufikiri, kama alivyokwisha kuandika kwenye madaftari elfu ya namna ile katika ofisi zote za mkoa. Mkono wake ukasimama katikati ya namba ya simu.

Akafunua ukurasa wa nyuma. Akafunua na mwingine.

Jumatatu. Rosalia Tluway. Anakotoka: Singe. Simu yake, tarakimu zote kumi. Sababu: ushauri. Na pembeni kabisa, kwenye safu iliyochorwa kwa rula na mzee mwenyewe: miwani, namba 4.

"Baba, safu hii ya mwisho ni ya nini?"

"Mwaka jana ilipotea miwani moja, wakasema mimi nimeiuza. Nikasema haya, kuanzia leo kila mtu ataandika ameshika ipi, akitoka naikagua. Haijapotea tena hata moja." Mzee alisema hayo kwa fahari, na alistahili fahari yake.

Salaale! Wataalamu wa ng'ambo wamekesha kulificha jina la Rosalia, wamempa manyoya ya korongo na sauti ya kuazima, halafu Rosalia mwenyewe kalitua getini kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko mzuri wa shule. Tena si yeye tu, ni wote watano. Jovita hakuweza hata kuwalaumu. Nani katika nchi hii amewahi kuwekewa daftari la wageni mbele yake akalikataa? Hata yeye, mwenye miaka kumi na tisa katika upolisi, alikuwa ameshaandika nusu.

"Nani analisoma daftari hili?"

"Kila anayesaini analiona. Na Mama, kila jioni. Anagonga mhuri."

Jovita akafunua ukurasa wa jana, Alhamisi. Rosalia alikuja jana. Alikatazwa, akaitikia ndiyo afande, na bado akaja. Kwenye safu ya anakotoka alikuwa ameandika, bila hila yoyote, Bonga.

Simu ya Rosalia ilikuwa imezimwa, na aliyemwamuru aizime ni Jovita mwenyewe. Akampigia Sajenti Egidius kituoni.

"Chukua gari, chukua askari mmoja, nenda Bonga kwa Rosalia. Sasa hivi, usinywe hata maji."

"Kuna nini, afande?"

"Nyumba imejulikana. Utaniuliza ukifika."

Alitamani kupaa naye. Lakini Egidius alikuwa karibu na barabara ya Dodoma, iendayo Bonga, kuliko yeye, na mvujishaji alikuwa hapahapa, chini ya bati hili jekundu. Akimwacha, kesho atawahamishia Rosalia na Hope kwingine na kesho kutwa kutajulikana tena. Akalibeba daftari kwapani, akarudi kwa Nickson.

"Jumatatu maumbo yalikuwa sita. Daftari lina miwani mitano. Wa sita ni nani?"

Nickson akatazama kioo, akalitazama daftari, akahesabu kwa kidole mara mbili. "Kwale. Miwani namba sita. Lakini namba sita ni mbovu, afande! Mkanda ulikatika, iko kabatini ofisini kwa Mama, tangu Pasaka."

"Hujawahi kumwona huyo Kwale akipita mlangoni?"

"Sharti linatukataza kuchungulia Ukumbi. Hatuangalii."

"Funguo za kabati?"

"Moja ninayo mimi. Moja anayo Mama. Na Shani anayefagia ofisi, wakati mwingine anaachiwa."

Watatu, basi. Kikao cha saa nne kilikuwa karibu kuanza. Jovita akafanya hesabu yake upesi. Akamwaga Mama Kornelia kwa sauti, chai akaikataa tena, akasaini kutoka mbele ya mzee Dominiko, akazunguka kupitia mahindi na kurudi kwa mlango wa jikoni. Shani, msichana wa miaka ishirini, alikuwa ameinamia beseni la viazi. Akashtuka, akawekewa kidole mdomoni. Aliyejua kwamba polisi amerudi ni Nickson, na sasa Shani. Kama mkosaji ni Nickson, Kwale hatatokea leo.

Nickson akamvisha miwani namba mbili, akampa jina la Chiriku, akarudi kwenye mashine yake chumba cha mwisho.

Kwanza giza, kisha mikeka. Jovita nusura ashike ukuta usiokuwepo. Ukumbi ulikuwa mpana, mwanga wake wa asubuhi, na mbele yake maumbo manne yameketi, kila moja na manyoya yake begani. Alijisikia kama amechungulia nyumba ya mtu kwa tundu la ufunguo, akaona aibu, na aibu haikumsaidia kitu, akaimeza.

Umbo la tano likajitokeza pembeni. Lilikuwa dogo, jembamba, kanga imepita kifuani, sauti ya kitoto. Kwale.

"Korongo hajaja leo?" Kwale aliuliza.

"Bado," alisema Njiwa.

"Jana alisema atakuja?"

Kisha Kwale akageuka, akamwona mgeni, akasogea karibu naye kwa upole. "Pole dada. Wewe ni mpya. Usiogope, mimi mwenyewe nina miaka kumi na tisa na nimeshapigwa mpaka nikazirai. Hapa tunapona. Unatokea wapi?"

Jovita alikuwa amepanga maswali manne. Akayaacha yote.

"Shikamoo," akasema, na akainamisha kichwa kidogo.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia Kwale.

Vichwa vyote vinne vikamgeukia Kwale. Hakuna binti wa miaka kumi na tisa, Babati wala popote, anayeamkiwa na mtu asiyemjua akapokea kwa utulivu namna ile. Angecheka. Angeruka. Angesema jamani dada, mimi tena! Amkio lile hupokelewa hivyo na mtu aliyelipokea kila siku kwa miaka thelathini, mpaka limeingia kwenye damu.

Jovita alivua miwani. Kwenye korido alipita jikoni, Shani bado yuko na viazi vyake. Chumba cha mwisho Nickson bado yuko kwenye kioo. Akausukuma taratibu mlango wa ofisi.

Mama Kornelia alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mkuu, miwani namba sita usoni, imefungwa kwa kipande cha kamba ya katani. Mkono wake ulikuwa hewani, unapapasa bega la mtu asiyekuwepo. "Usilie," alikuwa anasema. "Usilie, Njiwa."

"Mama," alisema Jovita. "Vua."

Mkono ukabaki hewani kidogo. Kisha akavua, akaitua miwani juu ya Biblia, akajifuta alama zilizobaki mashavuni. Hakujaribu kukataa.

"Nilianza kwa kutaka kujua kama wanasaidiwa," akasema. "Ningejuaje bila kuingia?"

"Na Rosalia?"

"Aminiel alikuja kwenye kamati yetu ya ndoa kanisani. Alikuja na mama yake mzazi. Mama mtu mzima, Inspekta, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Mke amepotea, mtoto amepotea. Siku mbili baadaye naona jina kwenye daftari. Rosalia, namba nne, na miwani namba nne ndiyo ya Korongo. Wewe ungefanyaje?"

"Ningemuuliza Rosalia."

"Ndoa haivunjwi na mkono mmoja."

"Ilivunja mkono mmoja. Nimeuona leo, hauvuki bega." Jovita alikuwa na hasira, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile aliiachia isikike. "Bonga umemwambia?"

Mama Kornelia akatazama saa ya ukutani. "Jana jioni. Nilimwambia aende leo saa nne na nusu, mtoto akiwepo, wazungumze kwa amani. Aliniahidi, Inspekta. Alilia."

Saa ilikuwa saa nne na dakika ishirini na tatu. Jovita akampigia Egidius. Simu ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena. Mama Kornelia alikuwa amesimama sasa, midomo inacheza, huenda anaomba. Mara ya tatu ikapokelewa, na Jovita akaweka sauti ya nje makusudi.

"Afande, tumempata!" Egidius alikuwa anahema. "Aliwahi. Alikuwa ameshamfungia mtoto ndani ya gari. Mama kaning'inia kwenye mlango, kaburuzwa mpaka kwenye mashine ya kusaga. Watu wa mashine ndio waliotupa magunia njiani akasimama, na sisi tukafika. Mtoto mzima. Mama amechubuka magoti, lakini mzima."

"Lakini aliniahidi," alisema Mama Kornelia. Akaketi. "Aliniahidi mbele ya mama yake."

"Utayaandika hayo kituoni," alisema Jovita. "Kwa jina lako."

Adhuhuri alikuwa Bonga. Rosalia alikuwa ameketi kizingitini, magoti yamepakwa dawa ya zambarau, Hope amejikunja mapajani mwake na kuung'ang'ania mkono ule mbovu kwa mikono yote miwili. Unga wa mahindi uliomwagika ulikuwa bado barabarani, na wanawake wa mashine wakiuchota na kuupepeta.

"Mama Hope, nilikukataza kwenda."

"Nisamehe, afande. Nilijua utagomba." Rosalia aliinua uso. "Ni kwa ajili ya yule binti. Kwale. Jumatatu alisema mumewe amemfukuza, hana ndugu, hana pa kulala. Nikamwambia mtoto wangu anasoma shule fulani, ni salama, asogee kule karibu yetu. Mlipotuhamisha nikaona atatutafuta Singe asituone. Ndiyo maana jana nilienda, kumwelekeza hapa. Atafika kesho."

Jovita aliwatazama wanawake wakiupepeta unga.

"Afande, huyo naye mumtafute. Mimi nina Hope, nina wewe. Yule hana mtu. Mumewe atamuua."

Jovita alikwisha kupeleka habari za misiba kwenye nyumba nyingi za wilaya hii, na alijua hakuna namna nzuri ya kuanza. Akachuchumaa, wakawa sawa macho kwa macho.

"Mama Hope. Kwale hayupo. Hajawahi kuwepo. Alikuwa Mama Kornelia."

Rosalia alimtazama kama mtu anayesubiri amaliziwe sentensi. Kisha akageuza shingo na kuangalia ndani ya chumba, ambako kando ya godoro lao yeye na mtoto kulikuwa na godoro jingine jembamba, la kuazima, shuka limekunjwa vizuri kwenye mto.

"Mbona nimeshamtandikia," akasema.